Ufunguo wa Pasta Zephaniah

Kanisa letu la Hayes, huku ughaibuni kando ya uwanja wa ndege, lilipobaki na watu kumi na mmoja, Pasta Zephaniah alifunga na kuomba siku saba, kisha akanunua mashine za kufulia. Tatu za kufua, mbili za kukausha, akazipanga pale kwaya ilipokuwa ikikaa. Kwaya hatukuililia. Siku hizi kila Jumanne mtaa mzima unafua bure: watu wa maghala, wasafishaji wa ndege, hata Deepak wa duka la kona, ambaye Yesu hamhusu sana lakini mapazia yake yanamhusu.

Bure, ila watu walizoea kuzoa nguo na kutoroka kabla ya maombi ya mwisho. Pasta akatia kufuli kwenye mashine za kukausha, ufunguo akauning'iniza shingoni. Hafungui mpaka "Amina."

Jumanne hiyo nilikuwa na intavyu saa nane, shule ya chekechea iliyo nyuma tu ya kanisa. Miaka miwili ya masomo ya jioni nimeisomea kazi hiyo, kitabu mkono huu, mtoto mkono huu. Na asubuhi hiyo hiyo Wanja wangu, miezi kumi, kipenzi cha roho yangu, akatapikia uji wote kwenye blauzi yangu nyeupe. Sina nyingine.

Saa nane kasorobo. Blauzi imekauka, naiona kupitia kioo cha mashine. Pasta amefumba macho.

"Na tunawakumbuka marubani, Bwana..."

"Marubani tena?" nikamnong'oneza Mama Léocadie, jirani yangu Mkongo.

"Alimaliza madereva wa basi. Sasa iko kwa ndege. Kisha ataenda kwa meli."

"Mama, nitachelewa!"

Akanitazama nilivyovaa sweta la mume wangu lenye picha ya bata. Akamtazama Wanja, ananyonya soksi isiyo yetu.

"Mwanangu, kwetu Bukavu mhubiri akikataa kukaa, tunamkalisha."

Akavuta pumzi, akaanzisha pambio. Sauti yake ni ya kumwita mtu ng'ambo ya ziwa. Wote wakadakia, Deepak akipiga makofi mdundo wake mwenyewe. Pasta akapandisha sauti, nasi tukapandisha. Alipofika kwa wapanda baiskeli hakuna aliyemsikia, labda Mungu.

"Amina basi!" akafoka. "Mama Léocadie, shetani anakutumia!"

"Anitumie tu, Pasta, leo niko na nafasi. Fungua."

Nikaivaa blauzi chooni ikiwa ya moto, nikamwachia Mama Léocadie mtoto, nikatimua mbio.

Mwalimu mkuu, Bi. Jane, aliniuliza: mtoto mmoja hanyamazi na wenzake wanasubiri, utafanya nini? Darasani tulifundishwa jibu la hatua tano. Nalijua lote.

"Naanzisha wimbo," nikasema.

Akaweka kalamu chini. "Upi?"

Nikaimba.

Nilianza kazi Jumatatu. Pasta anadai ni maombi yake. Namwacha adai, ufunguo bado anao yeye.