Kilo Sita za Khisa

Mimi hasira zangu ziko karibu, sifichi. Waulize wote waliopitia gym yangu pale Kitale, nyuma ya posho mill ya kusaga mahindi, kama kuna hata mmoja ambaye sikumfukuza angalau mara moja. Ukiinua chuma vibaya, nje. Ukija na maringo, nje. Kwa hivyo ninapokwambia kwamba nilimfukuza Khisa, usidhani siku hiyo nilihisi nimefanya jambo kubwa. Nilijua atarudi kesho yake, kama wengine.

Khisa alikuwa mpakiaji wa magunia. Kwao ni Bumula, upande wa Bungoma, ambako aliacha mama yake, Phelista, mjane mwenye ugonjwa wa sukari ambao ulikuwa umeshamla vidole viwili vya mguu. Kijana alikuwa na wazo moja tu kichwani: arudi akae karibu na mama. Ndipo mwaka 2006 hoteli moja mjini Bungoma ikatangaza kwamba inafungua gym, na washindi wa mashindano ya kutunisha misuli wataajiriwa pale kuwa walimu. Khisa alikuwa na kilo themanini na nne. Katika uzani huo kulikuwa na majitu ambayo hangeyaweza. Lakini akishuka hadi sabini na tano, wallahi hakuna mtu Magharibi nzima angemgusa.

Tulianza mwisho wa Aprili, na mashindano yalikuwa Septemba. Mimi njia yangu ni ya polepole. Nusu kilo kwa wiki, basi. Ugali haufutwi, unapunguzwa kwa upana wa kiberiti kila Jumatatu, na mtu anaendelea kunywa uji wake na kulala vizuri. Mwili ukiusukuma unaanza kula nyama yake wenyewe na kuyaacha mafuta palepale, halafu unabaki na mtu mwenye hasira na magoti yanayotetemeka. Vijana walinicheka, ati njia ya wazee. Khisa hakucheka. Kila Jumamosi tulienda kwenye mizani ya magunia pale stoo, na kila Jumamosi nusu kilo ilikuwa imeondoka.

Katikati ya Juni alikuwa amefika themanini na moja. Ndipo habari zikaja kwamba mashindano yamerudishwa nyuma hadi Jumamosi ya pili ya Julai. Kilo sita, wiki tatu. Nilimwambia haiwezekani, tuache, tungoje mwaka ujao. Akanitazama kwa ule upole wake.

"Kochi, mama hana mwaka mwingine wa kungoja."

Nilikuwa nimeudhika na wale waandalizi, lakini waandalizi hawakuwa mbele yangu. Aliyekuwa mbele yangu ni yeye. Nikamwambia, "Basi nenda kwa Kimaiyo akumalize haraka."

Hayo ndiyo maneno yangu. Akachukua taulo lake akaenda, na kesho yake hakurudi.

Kimaiyo si mtu mbaya, sitaki nimchafulie jina. Alikuwa mwalimu mwenzangu pale mjini, na watu wake walikuwa wakishinda. Lakini yeye ni mtu wa kukimbiza. Alimpa Khisa ute wa mayai na sukuma wiki bila chumvi, akamvalisha nailoni chini ya sweta, akamkimbiza hadi Kiminini na kumrudisha mchana wa jua kali. Nilikuwa nikisikia habari kila siku na kujifanya sisikii. Wiki ya mwisho alimpa vile vidonge wanavyopewa wagonjwa wa presha ili wakojoe, na Alhamisi akamsimamishia maji kabisa. Unaacha kunywa ili ngozi ishikane na nyama na mishipa ionekane. Sisi watu wa vyuma tunaita kukata maji. Tunalitamka neno hilo kutwa nzima, tumelizoea hadi masikio yetu hayasikii kitu kingine.

Ijumaa Khisa alipita nyumbani Bumula kumsalimia mama yake. Phelista alimwona mashavu yamebonyea na macho yameingia ndani, akaketi chini. Miaka ile kijana akirudi kutoka Kitale amekonda hivyo, majirani walishusha sauti. Alimwuliza mwanawe waziwazi kama ana ule ugonjwa wa Ukimwi. Khisa akacheka, akamwambia hana chochote, angoje kesho atasikia habari njema.

Jumamosi sikuweza kukaa Kitale. Nilifika Bungoma saa sita na kuketi nyuma kabisa ya ukumbi. Alipopanda jukwaani, amepakwa mafuta na ile rangi nyeusi ya mashindano, watu wa mbele walisimama. Sijawahi kuona kitu kama kile. Kila msuli ulikuwa umejitenga na mwenzake. Nitasema ukweli ingawa unaniumiza: nilijivuna. Nilisahau kwamba nilikuwa nimekasirika. Nilitaka kumwambia mtu aliyeketi kando yangu kwamba huyo ni wangu.

Walipoondoka jukwaani kungoja matokeo nilizunguka nyuma ya ukumbi. Nilimkuta ameshika ukuta, miguu imekakamaa, ulimi mzito. Kimaiyo alikuwa bado ndani na mtu wake mwingine ambaye zamu yake ya kupanda jukwaani ilikuwa imefika. Nikamfunika Khisa kwa koti langu, mwenye pikapu mmoja akakubali kutubeba, tukaenda kwenye kituo cha afya cha karibu. Jina la kituo nitaliacha. Khisa alikuwa akiyumba, namshika kwapani. Nesi alikuwa peke yake pale mapokezi, na foleni ya akina mama na watoto ilikuwa imefika mlangoni.

"Huyu ana nini?"

"Amekata maji," nikamwambia. "Amekata maji tangu Alhamisi."

Nesi akamtazama, akanitazama mimi, akacheka kidogo. Akasema tangu Alhamisi, na leo ni Jumamosi, kweli huyo ana kifua. Akatuonyesha benchi la nje. Alale, akasema, itatoka yenyewe.

Nilihisi hasira ikipanda. Nilidhani anacheka watu wa vyuma, maana watu wengi hutucheka, wanatuona wajinga tunaojitesa bure. Nilikuwa na neno la kumwambia. Lakini nikajisemea, Gicheru, leo nyamaza, huyu ndiye mwenye dawa, ukimtusi, kijana hatatibiwa. Nikanyamaza. Katika maisha yangu yote siku niliyoshika mdomo ni ile.

Tuliketi pale benchini, kichwa chake kwenye paja langu. Aliniuliza kama wametangaza. Nikamwambia bado. Akasema moyo wake unarukaruka, nikamwambia ni uchovu, daktari anakuja. Akaniuliza tena kama wametangaza, halafu akafumba macho, nami nikafurahi kwamba amepata usingizi.

Baada ya kama dakika arobaini nesi akatoka na kitabu chake. Alitaka kuandika. Akaniuliza, wala si kwa ubaya, "Alikunywa pombe gani? Busaa ama chang'aa?"

Hapo ndipo niliposikia nilichokuwa nimesema. Nilipiga kelele hadi akina mama wakasimama. Nikamwambia ni maji, maji yenyewe, ya kunywa, hajayatia mdomoni siku mbili! Uso wa yule dada ulibadilika, akakimbia, daktari akatoka kwenye chumba cha nyuma, dripu ikaletwa. Walimfanyia kila kitu pale chini kwenye sakafu. Moyo wake ulikuwa umeshasimama.

Ukumbini walimtangaza wa kwanza. Kimaiyo ndiye aliyempokelea kikombe, hajui lolote.

Tulimzika Bumula Jumamosi iliyofuata. Habari zilikuwa zimetangulia kufika kutoka mjini, unajua habari zetu zinavyotembea: kwamba kijana wa Phelista alipelekwa hospitali amelewa chakari, amekunywa siku tatu mfululizo. Na Phelista ni mtu wa kanisa la Friends, hajawahi hata kuonja. Mume wake ndiye aliyekufa kwa chang'aa. Mhubiri alisimama kando ya jeneza akawaonya vijana juu ya chupa, na watu wakaitikia amina. Mama alikuwa ameinamisha kichwa. Mimi nilikuwa katikati ya watu, na sikusimama kumkatiza mhubiri. Niliogopa.

Watu walipopungua niliingia kwake. Alikuwa kwenye mkeka, mguu mbaya ameunyoosha, na binti yake Nekoye akikusanya vikombe. Nilipiga magoti nikamwambia yote. Kwamba nilimfukuza. Kwamba nilimtuma kwa Kimaiyo kwa kinywa changu. Kwamba nesi aliniuliza mgonjwa ana nini, na neno nililomjibu ndilo lililomwacha mtoto wake kwenye benchi dakika arobaini. Nikamwambia, mama, nesi hana makosa, ni mimi.

Aliinua kichwa akanitazama. Kisha akaniuliza, "Mwalimu, kwa hivyo hakuwa amelewa?"

"Hakuonja, mama. Alikuwa na kiu tu."

Akamwita Nekoye aache vikombe, aje asikie. Akanifanya niseme tena mbele ya binti yake, nikasema tena. Alianza kulia, na nikangoja anitukane. Nilitaka anitukane, anipige hata, maana ningejua la kufanya. Badala yake alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akautikisa, akaniambia asante, asante sana, Mungu akubariki kwa kuniambia.