Mgomba Uliotembea

Wageni wa kwanza walipofika Tabaka na gari, watu walicheka: nani atoke ng'ambo kuja kununua jiwe? Jiwe laini la pale lilikuwa la kuchongea bakuli na ubao wa mchezo wa ajua, basi. Lakini wageni hawakutaka bakuli. Walitaka ndovu na kiboko. Hakuna mchongaji aliyewahi kuona kiboko, kwa hiyo mmoja wao, Onyancha, alimtoa kwenye picha ya kalenda, kiboko akafanana na nguruwe aliyeshiba. Akanunuliwa vivyo hivyo.

Ndivyo machimbo yalivyoanza kula mashamba. Yalikula mahindi ya jirani, yakala na njia ya kwenda mtoni. Mto wenyewe ukawa mweupe kama uji. Ng'ombe wanafika ukingoni, wananusa, wanarudi.

Wanaume walichimba na kuchonga, wanawake wakasugua. Nyamoita alisugua mlangoni pake, msasa mkononi, karai la maji mbele yake. Mumewe Angwenyi alikuwa kwenye mashamba ya chai Kericho, na habari zake zilikuwa zimekatika. Mtoto wao alikuwa mmoja, Bonareri. Surua ilimchukua kabla hajamaliza kuota meno, wakamzika kati ya mlango na ghala la mahindi. Pale kwao kaburi la mtoto mchanga halikuwekwa alama. Jembe likishapita juu yake, anayebaki akijua ni mama. Nyamoita alipanda mgomba juu yake, asije akapasahau.

Mwaka wa sabini na tatu Onyancha, mdogo wa mumewe, alikuja akasimama uani akizungusha kofia mikononi.

"Shemeji, jiwe jekundu chini ya ardhi linaingia kwako. Wageni anaowaleta Osman kutoka mjini siku hizi wanataka hilo tu."

"Chimba. Lakini alipolala mtoto usiguse."

"Nitapajuaje?"

"Ulipo mgomba ndipo alipo."

"Basi nitauzunguka kama mzinga wa nyuki. Mimi si baba yake mdogo?"

Haikupita muda mama yake Nyamoita akaugua kule Kebirigo, naye akaenda kumuuguza. Masika yote yakamkuta huko. Aliporudi, shimo lilikuwa limefika uani.

Mgomba ulikuwa umesimama na mkungu wake. Shimo lilikuja hadi karibu nao, likapinda kwa adabu, likaenda zake.

"Umeona?" Onyancha alisema. "Hata jani halijachanika."

Nyamoita alienda akasimama kwenye kizingiti, akatazama ghala. Mgomba haukai mahali pamoja. Wa kwanza huzaa ukakatwa, chipukizi lake hukua pembeni, na la pili mbele zaidi. Miaka yote ile ulikuwa ukiteremka mteremko, ukiliacha kaburi nyuma, na shina kuukuu alilikata yeye mwenyewe kila mara, kwa mkono wake. Alijua. Hakudhani kuna haja ya kusema. Sasa kati ya mlango na ghala palikuwa na shimo, hewa tupu.

"Udongo wa juu mliupeleka wapi?"

"Bondeni. Kwani…" Onyancha alitazama mlango, akatazama ghala, akatazama mgomba. Na yeye alikuwa mkulima. Akavua kofia. "Shemeji."

"Ni mimi niliyesema mgomba."

Jiwe la pale lilikuwa limeshafika kwa wachongaji. Ndovu wekundu walipoletwa kusuguliwa, Onyancha alitaka kuwageuzia njia.

"Nitampa Bosibori awasugue hawa. Wewe pumzika."

"Walete hapa."

Hakutaka mkono mwingine uwaguse. Alisugua, maji yakawa mekundu. Wenzake humwaga yao njiani. Yeye alibeba karai hadi ukingo wa shimo, kati ya mlango na ghala, akayamwaga polepole yakashuka chini. Kila karai lililojaa alifanya hivyo, na hakuna aliyemuuliza.

Aliyeuliza ni Osman, mfanyabiashara wa Kisii mjini, siku aliyoleta mama wa kizungu mwenye kamera.

"Mama, anauliza hii ni mila gani?"

"Si mila."

Osman akatafsiri kwa maneno mengi kuliko mawili hayo. Yule mama akaweka mkono kifuani.

Baada ya siku chache zikaja gari mbili.

"Mama, hawa wamesikia habari yako. Mwaga kidogo wapige picha. Pale kwenye mgomba patapendeza."

"Leo sina maji ya jiwe."

"Maji ni maji, mama. Wao watajua nini?"

Nyamoita alimtazama. Osman hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa biashara. Nyuma ya mlango karai la maji mekundu lilikuwa limefunikwa kwa jani. Akaliacha. Akachukua ndoo, akachota maji safi ya mtungini, akayamwaga chini ya mgomba. Kamera zikalia. Wageni wakapiga makofi, wakasema asante kwa Kiswahili chao, na mmoja akaondoka na ndovu mwekundu ndani ya gazeti.

Vumbi la gari lilipotulia, alitoa karai la ndani. Alisimama kwanza kizingitini, akatazama ghala mpaka akapata mahali palipokuwa kaburi. Kisha akaenda akayamwaga, peke yake, na hapakuwa na mtu wa kumuuliza maana yake.