Mteja wa Kumi na Moja

Msiniambie kwamba mashine ndiyo iliyokosea. Kaka anapenda kusema hivyo, na fundi aliyeifunga naye anasema hivyo hivyo, tena kwa sauti ya upole, kama mtu anayembembeleza mgonjwa. Mashine haikukosea. Nilikosea mimi, na nilianza kukosea siku ile nilipotumwa kuichagua.

Kituo chetu cha mafuta alikianzisha baba. Pampu nne, duka dogo la mikate, maziwa, betri na sabuni, na chini ya zege matangi matatu. La kwanza kuchimbwa, la petroli, liko kule ukingoni mwa barabara, na baba aliliita Kifungua Mimba. La dizeli aliliita wa Kati. La mafuta ya taa, dogo, lililochimbwa mwisho karibu na mlango wa duka, ndilo Kitinda Mimba. Tumekua tukiyaita hivyo kama ndugu zetu. "Kifungua Mimba ana njaa," Shangazi angesema, na sote tungejua petroli inakaribia kwisha.

Shangazi, dada yake baba, ndiye aliyekuwa mpimaji. Miaka thelathini, kila asubuhi, alizamisha fimbo yake ndefu yenye alama ndani ya matangi, akaitoa, akasoma, akaifuta kwa tambara. Lori la mafuta likija, halikumwaga hata tone kabla yeye hajakinga kidogo kwenye kopo na kunusa. Madereva walimwita Mama Pua. Hakuwa na mume wala mtoto. Chumba alichopanga mtaa wa nyuma kilikuwa cha kulala tu, maisha yake yote yalikuwa pale kituoni. Na mdomo, weee! Mteja akilalamikia foleni anajibiwa, "Kama una haraka ungekuja jana."

Lakini foleni ilikuwepo kweli. Tuliandika kila kitu kwa mkono, pampu na daftari lake, duka na daftari lake. Kaka akaamua tununue mfumo wa kisasa wa mauzo, pampu na duka visomeke kwenye skrini moja. "Chagua wewe," akaniambia, "si wewe ndiye msomi?" Siku hiyo hiyo Shangazi akanivuta nyuma ya friji ya maziwa.

"Mashine leteni, sikatai," alisema. "Ila usichague ya kunitoa mimi. Mimi nikikaa nyumbani nitakufa."

"Siwezi kufanya hivyo, Shangazi."

"Apa."

Nikaapa. Wallahi, kuapa ni rahisi sana ukiwa umesimama nyuma ya friji.

Wauzaji wawili walikuja. Wa kwanza alikuwa mama mmoja mwenye viatu vya vumbi, anayeuliza maswali mengi kuliko anayojibu. Mfumo wake ulikuwa na vipimo vya kuzamishwa ndani ya matangi, na kila tangi tungeliandika kwa jina tunalotaka. Ungechukua wiki tatu kufungwa. Tena alisema mpimaji lazima abaki, ili kila asubuhi fimbo na mashine visutane. Wa pili alikuwa bwana mwenye tai. Mfumo wake unafungwa siku moja, hauna vipimo vya tangini: unaandika lori limeleta kiasi gani, mashine inatoa kilichouzwa, basi. "Fimbo mtaanikia nguo," akasema, na kaka akacheka. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, lakini mimi macho yangu yalikuwa kwenye shuka.

Nitasema ukweli wote, maana hauna tena wa kumwumiza. Wiki tatu hazikunitisha. Nilimwonea haya Shangazi. Gauni lake lenye madoa, lile kopo, anavyopiga chafya mbele ya wenye magari mazuri, anavyoniita "we mtoto" wateja wakisikia. Nilitaka kaunta inayong'aa. Nikachagua ya bwana mwenye tai.

Shangazi hakulia. Aliifuta fimbo yake polepole, akaisimamisha nyuma ya mlango wa duka.

"Haya. Pua imestaafu."

"Shangazi, usikasirike."

"Nani kakasirika? Mtu mzima hakasiriki, anaondoka."

Akaenda zake, na kwa wiki tatu hakupokea simu yangu hata mara moja.

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Ile mashine haikukubali majina ya matangi, ilitaka namba. Fundi alisimama mlangoni mwa duka akahesabu kuelekea barabarani: moja, mbili, tatu. Akaniuliza, "Petroli ni lile la mwisho kule?" Nikamjibu ndiyo, huku nimeinamia boksi la betri. Kwa hiyo ndani ya mashine petroli ikawa tangi namba tatu. Kesho yake nikachukua rangi nyeupe nikapaka namba kwenye mifuniko, na mimi nilihesabu kama binti wa baba yangu. Kifungua Mimba, moja. Wa Kati, mbili. Kitinda Mimba, tatu. Katika familia yetu nani angemwita mzaliwa wa mwisho namba moja? Sikwenda hata kutazama skrini inasemaje.

Madereva wa zamani waliyajua matangi bila namba, lakini wiki ya tatu lori lilikuja saa mbili asubuhi na dereva mgeni. Tuliagiza petroli kidogo tu siku hiyo, kujazia. Nikamtolea karatasi ya mashine: Petroli, Tangi 3. Akatembea akitazama mifuniko, akafungua uliopakwa tatu, akaunganisha mpira wake. Kitinda Mimba lilikuwa karibu tupu, likameza lote. Skrini ikaniuliza kama nina hakika. Nikabonyeza ndiyo. Tulishazoea kubonyeza ndiyo kabla ya kusoma.

Asubuhi hiyo mama mmoja aliyekuja na chupa yake alisema, "Mafuta ya taa ya leo mbona makali?"

"Ni mapya, mama," nikamjibu, na nikatabasamu.

Saa sita mchana nikapiga moyo konde. Nikajaza dumu, lita mbili za mafuta ya taa, nikalipa kutoka mfukoni mwangu na kuyapitisha kwenye mashine kama ya mteja yeyote, nikabandika risiti kwenye dumu ili Shangazi aone inavyopendeza. Nikamkuta amekaa kwenye benchi mlangoni kwake. Aliisoma risiti akiwa ameishika mbali na macho.

"Jina langu liko wapi?"

"Haiandiki majina, Shangazi. Inaandika mteja."

"Loh! Miaka thelathini, leo ni mteja." Akacheka, na roho yangu ikatulia kwa mara ya kwanza tangu aondoke.

"Basi yanuse," nikamtania, "uone kama mashine inaijua kazi."

Akalisukuma dumu kwa mguu mpaka ndani ya mlango. "Si nilikwambia pua imestaafu? Kaulize mashine yako." Kisha akasema, sasa kwa sauti ya chini, "Kesho nitakuja kuwatazama. Nitakaa kwenye kiti tu, sitasema neno."

"Wewe? Usiseme neno?"

Tulicheka mpaka akashika mbavu. Nikarudi kazini nikiimba.

Saa tisa jirani yake alikuja mbio, miguu mitupu. Shangazi alikuwa akichemsha chai, jiko la mafuta limelipuka. Nilipofika walikuwa wanampakia kwenye gari, amefunikwa shuka lililolowa. Dumu lilikuwa bado pale ndani ya mlango. Nikalifungua nikaweka pua. Mtoto aliyelelewa kituoni hahitaji kunusa mara mbili. Petroli.

Nilikimbia kituoni nikafunga pampu ya mafuta ya taa. Nikachukua ile fimbo nyuma ya mlango, nikaizamisha Kitinda Mimba, nikainusa, nikakaa chini pale pale kwenye zege. Kaka akaninyanyua kwa kwapa.

"Wangapi wamenunua?" akauliza.

Mashine ilijibu upesi, siwezi kuinyima haki yake. Mauzo kumi na moja tangu lori liondoke. Saa, lita, na neno moja: Mteja. Mteja. Mteja. Tukawauliza vijana wa pampu, wakatazamana. Siku hizi nani anamtazama mtu usoni, unatazama skrini.

"Jua likizama watawasha taa," kaka akasema. Ilikuwa saa kumi na nusu. Mtu mmoja tu duniani alijua nani hununua mafuta ya taa kwetu, na saa ngapi.

Hospitalini walikuwa wamemfunga Shangazi bandeji kichwa kizima, yakabaki macho na mdomo. Muuguzi alisema tusimchokoze. Nikamwambia yote, tangi, rangi, namba, mauzo kumi na moja, na sikujitetea. Akaitazama karatasi ya mauzo mkononi mwangu.

"Soma," akasema.

"Saa tatu na robo, lita moja."

"Mshona viatu. Chumba cha mwisho, nyuma ya kinyozi."

Kaka alikuwa mlangoni na simu, wa pampu wako njiani na pikipiki, anawaelekeza.

"Saa tatu na dakika arobaini, nusu lita."

"Mwalimu mstaafu. Hela hana, maneno anayo."

"Saa nne na dakika tano, lita tano."

"Mama wa mapacha. Waanzie huko. Ana taa tatu."

Alikuwa akipumua kwa shida, kila jina akilitafuta na kulivuta. Mara moja alichanganya wawili, mzee wa maji na dobi, akajirudi, akasisitiza vijana wa pampu waambiwe. Baada ya kila mmoja aliuliza, "Wamempata?" na kaka akajibu, "Wamempata." Dirishani mwanga ulikuwa unageuka manjano. Wa mwisho kupatikana alikuwa yule mama wa chupa. Alikuwa ameshashika kiberiti.

"Wote, Shangazi," nikasema, nikaikunja karatasi. "Wote wamepatikana."

Aliishi siku nne baada ya hapo, nami nilikuwa pale kila siku, lakini alichonijibu jioni ile ndicho ninachokisikia mpaka leo nikifungua mifuniko.

"We mtoto. Mimi nimehesabu kumi. Ulisema kumi na moja."

Sikuweza kumdanganya tena. Nikaikunjua karatasi, nikasoma ule mstari niliouruka.

"Saa sita na dakika nane. Lita mbili. Mteja."

Akafumba macho.

"Huyo msimtafute, mwanangu," akasema. "Keshawasha."