Mgambo wa Kooni

Usiku wa kuamkia leo niliota nimekaa ukweni, mbele yangu kuna bakuli la mlenda, na mlenda unaniambia shikamoo.

Kabla sijaendelea, jambo moja. Mimi sili karanga. Nikila, midomo inavimba, koo linafunga, napelekwa hospitali. Nimeshapelekwa mara mbili. Na huku kwetu Dodoma mboga isiyoungwa karanga ni mboga ya mtu aliyekuchoka.

Leo mchana tunapeleka barua ya posa ya kijana wetu Chibago, na wazazi wa binti hawajui habari zangu. Siku kama hiyo mzee ukikataa mboga yao, umemkataa binti yao. Kwa hiyo nilikuwa nimeamua kimoyomoyo: nitakula matonge matatu, halafu nitameza vidonge, halafu Mungu ataangalia. Mke wangu sikumwambia.

Turudi kwenye ndoto. Mlenda umesema shikamoo, nami nikaitikia marahaba. Nikakumbuka nesi aliwahi kuniambia nisile kitu bila kukiuliza. Nikauuliza.

"Una karanga?"

"Ninazo," mlenda ukasema. "Zimetwangwa laini kabisa. Wameongeza vikombe viwili kwa heshima yako."

"Asante."

"Karibu."

Nikamega tonge, nikachovya, nikapeleka mdomoni.

Hapo filimbi ikalia ndani ya shingo yangu.

Ukweni hapapo tena. Nimesimama kooni mwangu mwenyewe. Ni pembamba, pana unyevu, na pana geti la bati lililofungwa kwa mnyororo wa baiskeli. Mbele ya geti yuko mgambo mfupi, kaptula ya kaki, rungu mkononi.

"Simama hapo hapo! Jina?"

"Chilongani."

"Kazi?"

"Fundi baiskeli."

"Unaingiza nini?"

"Tonge moja."

Akalinusa. "Lina karanga."

"Kidogo tu, afande."

"Hapa hakuna kidogo. Kuna ipo na haipo."

Nikapandwa na hasira. "Kumbe ni wewe! Wewe ndiye unayenivimbisha mdomo mbele za watu miaka arobaini na tisa!"

"Ndiyo mimi," akasema, akasimama wima kama aliyesifiwa.

Akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mpaka imechakaa. Imechorwa karanga moja. Chini ya karanga pana maandishi, lakini ameishika juu chini.

"Siku ya kwanza kazini niliambiwa kuna kitu kitakuja kukuua. Nikauliza kikoje. Wakanipa hii."

"Walikosea karatasi. Karanga ni chakula. Watoto wanatafuna njiani."

Mgambo akaikunja karatasi.

"Hata mimi nimewahi kufikiria hivyo," akasema. "Lakini siwezi kuacha lindo kwa sababu ya kufikiria."

Mimi niliacha shule darasa la nne. Marehemu bosi wangu aliniambia mara moja tu kwamba tairi la nyuma ndilo linafungwa kwanza. Mpaka leo nafunga la nyuma kwanza, na sijui kwa nini.

"Umewahi kwenda likizo?" nikamuuliza.

"Likizo ndiyo nini?"

"Unakula nini?"

"Unachokula wewe."

"Kwa hiyo na wewe hujawahi kuonja karanga."

"Hata moja. Wanasema ni tamu."

"Hata mimi wananiambia."

Tukatazamana. Nikaona mtu huyu ni mpumbavu, lakini ni mpumbavu wangu, na hajalala tangu nizaliwe.

"Asante, afande," nikasema.

Akavua kofia. "Sema tena."

"Asante."

Akageukia geti akafuta macho kwa kofia, kisha akaivaa imelowa. "Sasa kamshukuru na mwenzangu," akasema. "Mimi niko lindo la ndani. Yeye yuko la nje. Ikiwa zamu yake, mimi nakaa chini."

Akafungua mnyororo.

Nje ya geti ni barabara ya vumbi, na kando ya barabara vimejipanga vijiko. Vya bati, vya mti, vya plastiki, kimoja kimevunjika mpini. Vimesimama mpaka macho yanaposhindwa.

"Shikamoo baba!" vikasema vyote.

"Marahaba. Nyie ni akina nani?"

"Mimi ni wa harusi ya mdogo wako," kikasema cha kwanza. "Mkeo alinitumia kuonja mchicha kabla hujanawa."

"Mimi ni wa msiba wa jirani," kikasema cha pili. "Alikuwa analia, lakini alionja."

"Mimi ni wa ubatizo wa Chibago. Walimwambia mkeo ana uroho. Akasema ndiyo, ninao."

Nikatembea. Kila kijiko kina lake, na kila kimoja nilikuwepo siku hiyo, na sikukiona hata kimoja. Miaka ishirini na sita nilidhani mke wangu anapenda tu kupita jikoni kwa watu.

Mwisho wa barabara amesimama mwenyewe, Mama Chibago, ameshika kijiko kisafi.

"Hicho ni cha lini?"

"Cha kesho. Matonge matatu, eti, Baba Chibago?"

"Umejuaje?"

"Vidonge vyako vimehamia mfuko wa shati la ukweni. Mtu anayekwenda kula vizuri hahamishi vidonge. Unataka nirudi na jibu la posa au na jeneza?"

"Naogopa watamnyima kijana mke."

"Nao wakisikia mkwe amefia kwenye mlenda wao, ndiyo watampa?"

Nikasema, "Mama Chibago, asante kwa vijiko."

"Ulikuwa unachelewa," akasema, akacheka, na barabara yote ikagongana kwa kicheko cha bati.

Hapo hapo tuko ukweni. Mama wa binti, Mama Nyemo, amesimama uani, ni mrefu kuliko paa. Mgambo yuko nyuma yangu ananisukuma kwa rungu. "Sema."

"Mkwe," nikasema, "karanga zinaniua. Binti namtaka sana."

Gunia la karanga pale pembeni likapiga makofi. "Hata sisi mzee huyu tulikuwa hatumtaki!" likasema. "Ana mifupa mingi!"

Watu wakaangua kicheko. Mama Nyemo akainama kutoka juu ya paa. "Na mbegu za maboga je?"

Mgambo akatoa karatasi, akaiangalia mbele na nyuma. "Hazimo. Zipite."

Basi ikawa ngoma. Nakula, mgambo anakula, kinu cha Mama Nyemo kimeona hakina kazi kikaanza kucheza. Kikaruka uzio, kikaenda barabarani, kinazunguka kinatimua vumbi, mgambo anakifuata na filimbi.

Nikaamka.

Jua lilikuwa linachomoza. Mama Chibago alikuwa anawasha jiko. Nikatoa vidonge kwenye shati, nikavirudisha mahali pake, nikachukua simu. Nikampigia Mama Nyemo.

"Mkwe, za asubuhi. Nina jambo la aibu."

"Liseme tu, mkwe."

Nikasema lote: karanga, koo, hospitali mara mbili. Nikasema binti yenu tunamtaka, ni karanga tu tunazozikataa.

Mama Chibago ameacha kupuliza moto, ananitazama.

"Sasa baba," Mama Nyemo akasema, "jambo dogo hivi ndilo linakunyima usingizi? Karanga sijazigusa bado. Nina mbegu za maboga, zinaunga mlenda vizuri tu. Ngoja nikasogeze kinu, nianze kutwanga."

Nikasikia ndala zake zikienda uani. Zikasimama. Zikatoka nje. Zikasimama tena.

"Mkwe," akasema taratibu, "kinu changu kiko katikati ya barabara."