Kiti cha Kaka

Katika ukumbi wa baraza, wanawake waliingia kwa kazi moja tu: kuwabebea wanaume viti kutoka nyumbani, kuvifuta vumbi, kisha kutoka na kusimama nje dirishani. Kila ukoo ulikuwa na kiti chake, na kiti hurithiwa na mtoto wa kiume, hata awe hajui kufunga vifungo vya shati lake.

Mkunga alibeba kiti cha kaka yake. Kaka mwenyewe alishahamia mbali na kuota mizizi huko, ila desturi ni desturi, kiti hakikosi kikao. Na kura ilipigwa hivi: anayekubali husimama, kisha katibu huhesabu viti vitupu. Basi miaka nenda miaka rudi, kiti cha kaka, kitupu tangu asubuhi, kilikubali kila kitu. Kilikubali uwanja wa watoto uuzwe. Kilikubali bomba la maji lipite kwa mwenyekiti. Mtu mzima na akili zake yuko dirishani, ubao ndio unapiga kura. Makubwa!

Siku moja mwenyekiti alitaka chumba cha kujifungulia kigeuzwe ofisi yake. Mkunga aliingiwa na baridi. Kikifungwa kile, wajawazito watazalia njiani.

"Wanaokubali," mwenyekiti akasema.

Nusu wakasimama. Nusu wakabaki wameketi, macho kwenye viatu, maana wake zao walikuwa wakiwatazama. Ilikuwa sare, na sare haipitishi neno. Kilichobaki ni kiti cha kaka.

Liwalo na liwe, Mkunga akajisemea. Akapiga hodi kwa adabu, akaingia, akakiendea kile kiti, akakikalia.

Katibu akakohoa. "Dada, hapa hakai mwanamke."

"Nimekileta mwenyewe, kaka. Wewe hesabu."

Aliogopa, tena sana.

Mwenyekiti akamsogelea, akamwinamia kama anayembembeleza mtoto. "Bi Mkunga, tusivunjiane heshima mbele za watu. Hebu inuka."

"Nikiinuka, mzee, mtahesabu kwamba nimekubali."

Katibu alimtazama mwenyekiti, akakitazama kiti. Kisha akaanza kuhesabu upya.