Mkono Kichwani mwa Sifael

Namnyaki alilianika shati la mwanawe juu ya ua wa nyumba yao pale Sekei, kisha akasimama kulilinda mbuzi wasilile. Sifael hakuwa na shati jingine. Kesho yake alitakiwa alivae kwenda tena kuomba kazi bomani kwa Wadachi, wale Wajerumani wenye serikali.

Alikuwa amemaliza shule ya misheni tangu mavuno ya ulezi. Mwalimu aliwafundisha vijana wake namna ya kutafuta kazi: fika mapema, vaa safi, usijisifu kwa usichokijua, waulize waliotangulia ni nini kinachotakiwa ndani. Sifael aliyafuata yote. Mwenzake Elisaria, Mmeru wa kule juu, aliyafuata na kuzidisha, akajifunza hata kusalimia kwa Kidachi. Wote wawili walishinda langoni, wakaambiwa njoo kesho.

Lakini wapo waliokuwa wakichapwa darasani kwa kutojua herufi, nao walipita lango lile lile wakaingia. Na kila aliyeingia alitoka na mkono wa mtu kichwani.

Mkono wenyewe ulikuwa wa kawaida. Uliishia kwenye kifundo, ukalala utosini, vidole vikitazama paji la uso. Vijana walinyoa kuuzunguka.

"Si nilikwambia?" Simaloi, jirani yake Namnyaki, alimwambia akichambua maharage. "Kazi bila mkono wa mtu hupati. Wewe unafua mashati tu."

"Mkono wa nani?"

"Wa karani mkuu, Jamaldini. Ulidhani wangu huu wenye sugu?"

"Na mtu anatoaje mkono, akabaki nao?"

"Mama Sifael, unatafuta kazi au unatafuta kesi?"

Namnyaki hakulipenda jambo hilo. Hakukipenda kicheko cha karani, wala viatu vyake visivyosikika vikija. Lakini kijana asiye na kazi ya kalamu alikuwa anakamatwa kubeba mizigo na kupasua mawe ya barabara, na waliochukuliwa kule Kijenge walikuwa hawajarudi. Akajaza kibuyu asali.

Njiani alimfunda mwanawe. "Msalimie kama unavyomsalimia baba yako mdogo. Usimtazame usoni. Inamisha kichwa."

Ndivyo walivyosalimiana kwao. Mdogo huinama, mkubwa humgusa utosini, na mdogo hainui kichwa mpaka mkubwa aondoe mkono wake.

Jamaldini alikuwa barazani kwake akinywa kahawa. Sifael akainama. Karani alikuwa mtu wa pwani. Kwao kijana husema shikamoo yakaisha. Alikitazama kichwa kile kilicholetwa mbele yake, akaweka mkono juu yake.

"Marahaba. Huyu ana adabu," alisema. Kisha akakipokea kibuyu kwa mikono miwili, akaingia ndani.

Sifael akangoja.

"Yeyo," alimwita mama yake, bado ameinama, "ameondoka?"

"Ameondoka."

"Mbona mkono upo?"

Namnyaki aliutazama. Ulikuwa msafi, kucha zimekatwa vizuri. Karani alijua kuweka tu; habari ya kuondoa hakuna aliyemwambia, na mtoto wa watu hawezi kumfundisha mkubwa adabu mlangoni kwake.

"Ndiyo kazi hiyo," akasema. "Twende nyumbani."

Kesho yake Sifael alifanywa mkalimani, wa kugeuza lugha ya kwao kuwa Kiswahili ambacho Wadachi wa bomani walikielewa. Elisaria alisogea pale langoni ili mwenzake apite, akamwambia hongera.

Mwanzoni mkono haukuwa na shida. Ulinuka kahawa kidogo, na mvua ikinyesha ulimkinga. Lakini mama halali usingizi wa kushiba. Namnyaki alimchunguza mwanawe akila, akamchunguza akisali. Jioni moja akamwuliza, "Nikuongezee uji?"

"Hapana, yeyo, nimetosheka," Sifael alisema, na kichwa chake kikashuka, kikapanda, kikashuka.

"Unakataa au unakubali?"

"Nakataa." Kichwa kikashuka tena.

"Hebu kitikise."

Sifael alijaribu kukitikisa. Mishipa ya shingo ilimsimama, vidole vikakaza kidogo, kichwa kikabaki kinatazama mbele. "Kazini hakuna anayelalamika," akamwambia mama yake.

Baada ya mvua za vuli, Mdachi mmoja mwenye mashamba alilitaka eneo la kando ya mfereji, ambamo ilikuwamo migomba ya Namnyaki. Bwana Shauri, mkubwa wa boma, alikuja kuwauliza wenyewe. Alikaa kwenye kiti alichobebewa, Sifael akasimama ubavuni pake. Mzee Saruni, shemeji wa Namnyaki, akasema kwa niaba ya wote.

"Mwambie ng'ombe wa huyo mwenye mashamba wanywe maji, hatumzuii. Lakini ardhi hatutoi. Ardhi haitolewi."

Sifael akatafsiri vizuri, wala hakupunguza neno. "Wanasema hapana," alimalizia, na kichwa kikainama taratibu, kikainuka, kikainama.

Bwana Shauri alisikia hapana, akaona ndiyo. Akachagua alichokiona, akacheka.

"Mbona anacheka?" aliuliza Saruni. "Sema tena, mwanangu."

Sifael akasema tena, sasa kwa sauti kubwa. Kichwa kikainama mpaka kidevu kikagusa kifua. Bwana Shauri akainuka, akawashukuru watu wa Sekei kwa ukarimu wao. Kabla jua halijazama vigingi vilikuwa vimechomekwa katikati ya migomba, na Sifael ndiye aliyetumwa kuwaeleza wenye mashamba wapite upande gani.

Namnyaki hakumgombeza. Alikwenda moja kwa moja barazani kwa Jamaldini.

"Baba, uliweka mkono wako kwa mwanangu. Njoo uuondoe."

"Kwani huondolewa?" aliuliza karani.

"Kwetu huondolewa."

Jamaldini aliweka kikombe chini, akavua tarbushi yake. Utosini mwake ulilala mkono mwekundu wenye vinyweleo vya rangi ya mahindi makavu na pete kwenye kidole.

"Huu niliwekewa Tanga," alisema. "Mwenyewe ameshasafiri kurudi kwao. Kama unajua namna, mama, anza na mimi."

Namnyaki akaushika. Ulikuwa wa moto. Akavuta, na Jamaldini akasogea pamoja na kiti chake. Akavuta tena, karani akafumba macho kwa maumivu. Wakati huo mtu akaita kutoka bomani, na kichwa cha Jamaldini kikakubali kabla hajasikia anaitiwa nini. Akavaa tarbushi akaenda.

Namnyaki alihamia juu, ukingoni mwa msitu wa Meru, kwenye mawe na baridi. Sifael alimletea chumvi na kitambaa, maana mshahara ulikuwa mzuri. Jumapili moja, Sifael akinywa uji kwa mama yake, Simaloi alipanda huko pamoja na mwanawe Kisioki, aliyekuwa ametoka shule.

"Mwanao yuko ndani ya boma," alisema Simaloi. "Ampe na huyu mkono."

"Usimwinamishe mtoto," Namnyaki alimwambia. "Akae langoni na Elisaria mpaka waitwe kwa majina yao. Huo mkono hautoki, Simaloi. Umeninyang'anya migomba."

Simaloi akamvuta mwanawe mbele.

"Wako anakula mshahara, wangu akapasue mawe? Nilisema mimi. Kumbe hata Kisioki kukosa kazi, mna mkono wenu."

Kisioki alikuwa ameshainama mbele ya Sifael. Sifael alitaka kukataa, alisema hapana waziwazi, wote wakamsikia. Kichwa chake kikakubali, na mkono wake wa kulia ukaenda kukaa utosini mwa kijana. Kisha akarudi kwenye uji wake, akaendelea kunywa, bakuli amelishika kwa mikono miwili.

Simaloi alishukuru sana. Wakati wa kushuka mlima alimwambia mwanawe atembee taratibu, mpaka auzoee uzito.