Swali la Kipchirchir

Mvua ya mwezi wa nne ilipoangusha mteremko kule mlimani, upande wa Kitale, ikafukia mashamba ya zabibu na nyumba tisa, watu wa Bungoma walimwendea Nanyama moja kwa moja. Si yeye aliyekuwa afisa wa kilimo kule? Si yeye aliyewafundisha wale watu kupanda zabibu na kutengeneza divai, hadi makanisa yakawa yanaiagiza kwa Ushirika Mtakatifu? Basi yeye ndiye aongoze mchango.

Hakukataa. Alizunguka Bungoma nyumba kwa nyumba, duka kwa duka, akiomba blanketi, sufuria, mahindi, mabati. Watu walitoa. Lakini kila mtu alipomkabidhi kitu na kumwombea baraka, Nanyama alisikia sauti ya mwanamume nyuma ya bega lake, ya upole, kama ya mtu anayeulizia njia: "Na miti, Madam?"

Ilikuwa sauti ya Kipchirchir. Miaka sita nyuma, katika mkutano wa kwanza na wakulima, ni yeye peke yake aliyetaka kujua, miti ya mteremkoni ikikatwa ili zabibu zipate jua, udongo utashikwa na nini. Nanyama alikuwa na haraka. Alimjibu kwamba hata mizabibu ina mizizi, watu wakacheka, na Kipchirchir akaketi. Sasa alikuwa chini ya tope, hajapatikana.

Sauti ilimfuata jikoni. Ilimfuata kanisani katikati ya nyimbo. Redio aliiacha ikiwaka mchana kutwa, lakini mtangazaji akinyamaza kidogo tu, yule mtu alipata nafasi.

Siku ya kukabidhi msaada walikutana Kitale, kwenye uwanja wa kanisa. Padri alimtambulisha kama mama wa watu wa mlimani, na makofi yakapigwa. Nanyama alishika kipaza sauti, akamwona Chepchumba, mjane wa Kipchirchir, ameketi mstari wa mbele amevaa sweta ya msaada iliyompwaya. Hotuba yote ikamtoka kichwani.

"Nilionywa," alisema. "Mume wa huyu mama aliniuliza kuhusu miti, nikafanya achekwe. Mlichotoa ni chema. Lakini mimi msinishukuru."

Wengine waliinuka wakaenda zao. Chepchumba hakulia, wala hakuja kumkumbatia. Alingoja magunia yote yashushwe, kisha akamwomba wapande pamoja hadi kwake.

Kwake hapakuwapo tena. Palikuwa na udongo mwekundu, umekauka juu na kubonyea ukikanyagwa, na pale nyumba iliposimama mzabibu mmoja ulikuwa umechipuka, majani yake mabichi kupita kiasi. Nanyama aliuliza kama aung'oe.

"Uache," alisema Chepchumba. "Siku ile ya mvua mume wangu alitaka tuhamie kwa ndugu yake. Ni mimi nilikataa. Nilisema tuvune kwanza, zabibu zimeiva." Aliutazama ule mzabibu kwa muda. "Mimi hata sasa huwa ananiuliza kama nimefunga mlango. Wewe anakuuliza nini, Madam?"

Nanyama alimwambia. Chepchumba aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa habari za safari. Ukungu ulikuwa umeanza kushuka, wakageuka kurudi, na penye utelezi Chepchumba akamshika mkono.